Kesi Inayoamuliwa Mlangoni: Leseni ya Televisheni England na Mama Aliyefungua

Jumanne ya mwezi Mei, saa tano asubuhi. Mtu mwenye kitambulisho shingoni anabisha hodi kwenye nyumba ya ghorofa mjini Birmingham. Mama mwenye miaka thelathini na kitu, mtoto wa miaka mitatu mgongoni, anafungua. Ndani, televisheni inaonyesha vibonzo vya watoto. Mgeni anasema amekuja kuhusu leseni ya televisheni, kwamba anwani hii haina. Mama anashangaa: "Mbona mimi nakatwa benki kila mwezi?" Dakika kumi baadaye ameshatia saini fomu, mgeni kaondoka, na kesi ya jinai imekwisha kukamilika kwa karibu kila kitu inachohitaji.

Mama huyu si mtu mmoja. Kisa kimeundwa kwa kuunganisha mambo yanayojirudia katika kesi za aina hii, ili kila kiungo kionekane. Sheria, viwango na taratibu zinazotajwa ni za England, na bei za leseni ni za 2025.

Hoja yetu ni moja. Kosa la kutazama televisheni bila leseni, jinsi linavyosimamiwa, halimpati anayekwepa kwa bidii zaidi. Linampata aliyekuwa nyumbani mchana, akafungua mlango, akajibu kwa ukweli.

Sheria inakataza nini hasa

Leseni hii ina historia ndefu. Ya redio ilianza 1 Novemba 1922, shilingi 10 kwa mwaka. Ya televisheni ikaja Juni 1946 kwa pauni 2. Kuanzia 1 Aprili 2025 leseni ya televisheni ya rangi ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka, na ya picha nyeusi na nyeupe, ambayo bado ipo, ilikuwa pauni 58.50. Fedha hizi ndizo uti wa mgongo wa BBC. Kazi ya kuzikusanya ilikabidhiwa BBC mwaka 1991, nayo inaifanya kwa jina la TV Licensing, huku sehemu kubwa ya kazi yenyewe, wakaguzi wa mlangoni wakiwamo, ikiendeshwa na kampuni ya Capita.

Kosa limo katika kifungu cha 363 cha Sheria ya Mawasiliano ya 2003: kufunga au kutumia kipokeo cha televisheni bila leseni. Adhabu ya juu ni faini ya pauni 1,000. Hakuna kifungo kwa kosa lenyewe.

Watu wengi hukosea hapa kwa kudhani kwamba leseni ni ya kumiliki televisheni. Sivyo. Unaweza kuwa na televisheni tatu sebuleni usidaiwe hata senti ikiwa unazitumia kwa michezo ya kompyuta na filamu za kuagiza mtandaoni tu. Leseni inahitajika kwa mambo mawili. La kwanza ni kutazama au kurekodi kipindi kikiwa kinarushwa hewani, chaneli yoyote, kifaa chochote, simu ikiwamo. Mechi ya moja kwa moja kwenye Amazon Prime Video inahesabika, hata kama BBC haina mkono ndani yake. La pili, tangu 1 Septemba 2016, ni kutumia BBC iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama vipindi mtandaoni, hata kwa kipindi kilichorushwa juzi. Filamu ya Netflix unayoichagua mwenyewe haihitaji leseni. Redio haihitaji tangu 1971.

Jambo jingine, ambalo kisa hiki kinalitegemea sana: kosa ni la mtu anayetumia kifaa. Si lazima awe mwenye nyumba, wala aliyeandikwa kwenye mkataba wa kupanga, wala mwenye mshahara. Katika nyumba ya watu wazima watatu wanaotazama pamoja, anayeshtakiwa kwa kawaida ni yule mmoja aliyezungumza na mkaguzi.

Leseni ilivyokatika bila mwenyewe kujua

Mama wa kisa chetu hakuamua kukwepa. Alijiandikisha Novemba kwa makato ya benki ya kila mwezi. Wengi hawaelezwi vya kutosha kwamba leseni ya kwanza kwa mpango huo hulipwa yote ndani ya miezi sita. Yaani anayedhani ataanza na pauni 14 na senti kidogo kwa mwezi hujikuta anakatwa takriban pauni 29 kwa miezi sita ya mwanzo, kisha ndipo makato yanashuka hadi nusu yake, na wakati huo anakuwa analipia leseni ya mwaka unaofuata kabla haujafika. Kwa mtu anayeishi kwa posho ya serikali iitwayo Universal Credit, inayoingia mara moja kwa mwezi, pauni 29 zikiangukia siku mbili kabla posho haijaingia, akaunti inakuwa tupu.

Ndivyo ilivyokuwa Februari. Makato yakarudi. Yakajaribiwa tena, yakarudi. Barua ikatumwa, nyingine ikafuata, mpango ukavunjwa na leseni ikafutwa. Yeye aliona kwenye simu kwamba makato kadhaa yamerudi mwezi ule (umeme, simu, leseni), akalipa umeme na simu kwa sababu hizo zinakatika ukaona. Televisheni haikuzimika. Hili ndilo tofauti kubwa kati ya deni hili na madeni mengine ya nyumbani: huduma haikatwi, kwa hiyo hakuna kinachokukumbusha isipokuwa karatasi.

Na karatasi zenyewe zina tatizo. Leseni ikishafutwa, anwani huingia kwenye orodha ya nyumba zisizo na leseni, na barua zinaanza kuja kwa "mkaaji halali" bila jina la mtu. Lugha yake ni ya kutisha, maandishi mekundu, habari za uchunguzi kufunguliwa. Anayejiamini kwamba analipa huziona kama za mtu mwingine. Mama huyu aliziweka kwenye kikapu pamoja na matangazo ya piza.

Wakati huo kulikuwa na njia tatu za kumtoa, na zote zilikuwa rahisi. Angeweza kupiga simu na kuomba kadi ya malipo, ambayo inakuwezesha kulipa dukani kwa wiki, kwa wiki mbili au kwa mwezi. Angeweza kwenda kwa shirika la ushauri wa madeni akaelekezwa kwenye mpango wa malipo mepesi ulioanza rasmi 2020 kwa waliobanwa kifedha: mwaka mzima unagawanywa sawasawa bila ule mzigo wa miezi sita, na kwa kiwango cha 2025 inakuwa takriban pauni 6.71 kila wiki mbili. Au, kama kweli nyumba haikuwa inatazama chochote kinachorushwa wala iPlayer, angetoa tamko la kutohitaji leseni. Hakuna hata moja iliyofanyika, kwa sababu hakujua kwamba kuna kinachohitaji kufanywa.

Dakika kumi za mlangoni

Mkaguzi hana mamlaka ya kuingia nyumbani. Hili lazima lisemwe wazi. Ni mtu anayeruhusiwa kubisha hodi kama mtu yeyote yule, na mwenye nyumba anaweza kukataa kuongea naye, kukataa kumwonyesha televisheni na kufunga mlango. Kukataa si kosa. Kinachobadilisha hali ni hati ya upekuzi ya kifungu cha 366, inayotolewa na hakimu akiridhika kwamba kuna sababu za msingi za kuamini kosa limetendeka. Hati hiyo hudumu mwezi mmoja. Mkaguzi akiwa nayo, kumzuia kwa makusudi ni kosa. Lakini hati hizi huombwa kwa nadra, kwa sababu kuipata kunahitaji ushahidi, na ushahidi ndio hasa mkaguzi anaoutafuta.

Na yale magari ya kunasa mawimbi? Yalianza kuonekana barabarani 1952, na wazazi wengi waliwatishia watoto wao kwayo. Kesi za siku hizi hazijengwi juu ya magari. Zinajengwa juu ya karatasi moja: fomu ya mahojiano, iliyojulikana kwa miaka mingi kwa namba yake, TVL178.

Ifuatilie fomu hiyo kwa karibu, maana humo ndimo kesi inamoamuliwa. Kwanza mkaguzi anatoa onyo la kisheria: hulazimiki kusema lolote, lakini utetezi wako unaweza kudhurika usipotaja sasa jambo utakalolitegemea baadaye mahakamani, na utakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Kisha anaandika jina na tarehe ya kuzaliwa. Halafu maswali mafupi: kuna kipokeo cha namna gani, kimeunganishwa na nini, kinatumikaje, mara ya mwisho kimetumika lini kutazama kipindi kinachorushwa, kimekuwa kikitumika bila leseni tangu lini. Kuna nafasi ya mkaguzi kueleza alichokiona au alichokisikia. Kuna nafasi ya maelezo ya mhojiwa. Chini kuna saini.

Mama alijibu hivi: televisheni ya kawaida, imeunganishwa na antena ya jengo, tunatazama kila siku, sasa hivi inatazamwa. Tangu lini? "Tangu nihamie hapa." Hili lilikuwa kosa kubwa zaidi, nalo lilitoka kwa mtu aliyekuwa mkweli. Yeye alimaanisha kwamba ametazama televisheni tangu alipohamia. Fomu inauliza tangu lini bila leseni. Alihamia miezi saba iliyopita. Leseni ilifutwa Februari. Tofauti hiyo ina uzito mahakamani, kwa sababu mwongozo wa hukumu unagawa madhara kwa miezi sita: zaidi ya sita ni daraja la juu, sita au pungufu ni la chini. Jibu moja lisilofafanuliwa lilimhamisha kutoka daraja la chini hadi la juu.

Na pale kwenye nafasi ya maelezo, ambapo pangeandikwa "nililipa kwa makato ya benki, yalirudi Februari, sikujua leseni imefutwa", paliandikwa maneno mawili: hana maelezo. Alikuwa ameshasema mwanzoni kwamba anakatwa benki, lakini alilisema kabla ya onyo, wakati fomu haijaanza kujazwa, na halikurudiwa. Mtoto alikuwa analia. Alitaka mgeni aondoke. Akasaini.

Mtu aliye katika hali hii ana haki ya kusoma fomu yote kabla ya saini, kuomba jibu lirekebishwe, kuomba maelezo yake yaandikwe kwa maneno yake, na kubakiwa na nakala. Ana haki pia ya kutosaini. Anayejua kwamba tatizo ni malipo yaliyokwama ana njia bora kuliko zote: kununua leseni siku hiyo hiyo na kutunza namba ya risiti. Sera ya uendeshaji mashtaka ni kwamba mtu wa kosa la kwanza anayenunua leseni kabla kesi haijafika mahakamani kwa kawaida hashtakiwi.

Jirani wa ghorofa ya juu

Juu ya nyumba hii anakaa mtu mwingine asiye na leseni. Yeye anajua anachofanya. Ana televisheni kubwa, anatazama mechi zote, na hajalipa kwa miaka. Mkaguzi alibisha kwake siku ile ile. Hakufungua. Kwa kuwa hakufungua, hakuna fomu. Kwa kuwa hakuna fomu, hakuna kukiri. Na bila kukiri wala kitu kilichoonekana kwa macho, hakuna msingi wa kuomba hati. Barua zinaendelea kuja, naye anaendelea kuzitupa.

BBC yenyewe inakadiria kwamba ukwepaji ulifikia takriban asilimia 12.5 mwaka wa fedha 2024/25, wakati leseni zilizokuwapo zilikuwa takriban milioni 23.8. Kiwango hicho kimekuwa kikipanda, ilhali idadi ya mashtaka imeshuka sana ikilinganishwa na 2017. Wanaokamatwa si kipimo cha wanaokwepa.

Ukitaka kuona kasoro hii kwa takwimu, tazama jinsia. Takriban robo tatu ya wanaotiwa hatiani kwa kosa hili ni wanawake. Mwaka 2019 kosa hili peke yake lilikuwa karibu thuluthi moja ya makosa yote ambayo wanawake walitiwa hatiani England na Wales. Hakuna mwenye akili atakayesema wanawake ndio hutazama televisheni bila leseni mara tatu zaidi ya wanaume. BBC imechunguza suala hili mara mbili, 2017 na 2023, na sababu zinazotajwa ni zile zile zinazoonekana kwenye mlango wetu: familia nyingi za mzazi mmoja zinaongozwa na wanawake, wanawake ndio mara nyingi huwa nyumbani mkaguzi anapokuja, nao huelekea zaidi kufungua na kuzungumza. Mfumo unaotegemea mazungumzo ya mlangoni utawapata wanaozungumza. Hilo ni jambo zito, na halitibiwi kwa kuwafundisha wakaguzi adabu.

Hakimu mmoja, hakuna mshtakiwa

Mwishoni mwa Juni mama alihamia nyumba nyingine katika mji ule ule. Aliwajulisha watu wa posho, shule na daktari. TV Licensing hakuwajulisha, kwa kuwa kwa akili yake jambo lile lilikuwa limebaki kwenye nyumba ya zamani.

Kosa la aina hii lazima lifunguliwe mashtaka ndani ya miezi sita. Katikati ya Oktoba, karibu mwezi wa tano, hati ya mashtaka ikaandikwa na kutumwa kwa posta kwenye anwani ya zamani. Ndani yake mlikuwa na fomu ya kukiri au kukana, fomu ya kueleza kipato, na maelezo ya mkaguzi. Siku za kujibu ni 21. England na Wales kesi hizi huendeshwa na TV Licensing yenyewe kwa niaba ya BBC, bila kupitia polisi wala ofisi ya waendesha mashtaka wa serikali. (Scotland ni tofauti kabisa: huko uamuzi wa kushtaki uko mikononi mwa mwanasheria wa serikali, na kesi za leseni hazifiki mahakamani ila kwa nadra sana.)

Utaratibu unaotumika ni wa hakimu mmoja, ulioletwa na sheria ya 2015. Hakimu mmoja anakaa na mshauri wa sheria na rundo la majalada, bila mshtakiwa, bila mwendesha mashtaka, bila umma. Mshtakiwa akikana, kesi inapelekwa kwenye mahakama ya wazi. Akikiri, anahukumiwa kwa karatasi. Asipojibu, hakimu anasoma maelezo ya mkaguzi, akiona yanatosha anamtia hatiani. Chama cha Mahakimu chenyewe kilitoa mapendekezo ya mageuzi mwaka 2024, likiwamo la kuwalazimu waendesha mashtaka wasome utetezi wa mshtakiwa kabla kesi haijafika kwa hakimu. Pendekezo hilo lilitokana na tatizo halisi: mtu anaandika kwamba alikuwa hospitalini, au kwamba alifiwa, na mwenye uwezo wa kuiondoa kesi hajawahi kuiona barua hiyo.

Kwa mama wetu hakukuwa na barua ya kuona. Katikati ya Novemba alitiwa hatiani akiwa anapika.

Hesabu ya kukaa kimya

Faini hizi hupimwa kwa kipato cha wiki. Makundi mawili ya chini ndiyo yanayohusika: Kundi A, ambalo kipimo chake cha kuanzia ni asilimia 50 ya kipato cha wiki, na Kundi B, asilimia 100. Mahakama isipopewa taarifa ya kipato, hukisia. Makisio yaliyotumika kwa muda mrefu ni pauni 440 kwa wiki. Kwa mtu ambaye posho ya serikali ndiyo kipato chake pekee, makisio yamekuwa pauni 120. Juu ya faini huongezwa tozo ya wahanga wa uhalifu, asilimia 40 ya faini tangu Juni 2022, na gharama za mashtaka, ambazo tuziweke pauni 120 kwa mfano huu.

Kwa kuwa hakujibu: hakuna taarifa ya kipato, kwa hiyo pauni 440. Maelezo yanaonyesha miezi mingi bila leseni na hakuna jitihada ya kuipata, kwa hiyo Kundi B. Faini 440, tozo 176, gharama 120. Jumla pauni 736.

Kama angepata hati na kuijibu kwa kukiri na kueleza: kipato 120. Makato ya benki yaliyorudi ni miongoni mwa mambo yanayopunguza uzito wa kosa kwenye mwongozo, na muda halisi ulikuwa chini ya miezi sita, kwa hiyo Kundi A. Faini 60, ikipunguzwa thuluthi moja kwa kukiri mapema inakuwa 40. Tozo 16. Gharama 120, ambazo hakimu anaweza kuzipunguza kwa mtu wa kipato hicho. Jumla haizidi pauni 176.

Mtu yule yule, televisheni ile ile, kosa lile lile. Pauni 560 za tofauti ni bei ya bahasha iliyoangukia kwenye mlango usio wake.

Na hakuna kati ya hizi inayonunua leseni. Baada ya kulipa faini yote bado unadaiwa bei nzima ya leseni kama unataka kuendelea kutazama.

Faini isipolipwa, mahakama inaweza kukata mshahara au posho, au kuwatuma madalali wa mahakama, ambao viwango vilivyowekwa 2014 viliwaruhusu kuongeza pauni 75 kwa hatua ya barua na pauni 235 wakishafika mlangoni. Hapo ndipo kifungo kinapoingia kwa mlango wa nyuma: hufungwi kwa kukosa leseni, lakini unaweza kufungwa kwa kukataa faini kwa makusudi au kuipuuza ukiwa na uwezo, baada ya mahakama kukuhoji kuhusu hali yako. Ni nadra. Kuogopwa kwake si nadra, na mashirika ya madeni hukutana na watu walioacha kula ili walipe.

Kuifuta hukumu

Mama alijua habari hii Januari, alipoona posho imepungua. Idara ya posho ilikuwa na anwani yake mpya. Ofisi ya faini iliomba makato huko. Alipiga simu, akaambiwa kwamba hilo ni deni la mahakama.

Tangu siku hiyo ana siku 21. Kifungu cha 16E cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1980 kinampa haki ya kutoa tamko la kisheria kwamba hakujua kesi ipo hadi tarehe fulani. Tamko hutolewa rasmi, mbele ya mahakama au wakili, na lazima lifikishwe mahakamani ndani ya siku hizo. Likichelewa, mahakama inaweza kulipokea ikiridhika kwamba haikuwa haki kumtarajia awahi. Likiwa la uongo, ni kosa kubwa kuliko la televisheni. Likikubaliwa, hukumu na faini vinafutika, na hati ya mashtaka inabaki hai: kesi inaanza upya.

Wengi hukosea hapa kwa namna mbili. Wapo wanaoanza kulipa kidogo kidogo kwa hofu, siku 21 zikapita. Na wapo wanaotoa tamko wakadhani mambo yamekwisha, wasijibu hati mpya, wakatiwa hatiani mara ya pili. Safari hiyo hawana tena cha kutamka.

Mama alifanya mambo kwa mpangilio sahihi, kwa msaada wa mshauri wa madeni wa mtaani. Siku ya pili alinunua leseni ya anwani mpya kwa mpango wa malipo mepesi. Siku ya tatu aliomba benki taarifa ya akaunti ya Novemba hadi Machi, ili makato yaliyolipwa na yale yaliyorudi yaonekane kwa tarehe. Mkataba wa nyumba mpya ulithibitisha kwamba hati ilitumwa baada ya yeye kuhama. Siku ya tisa alitoa tamko. Kisha akaandika barua mbili, na hili la mbili ndilo la muhimu: moja kwa mahakama, nyingine moja kwa moja kwa TV Licensing, yenye nakala zile zile, akiomba mashtaka yaondolewe kwa kuwa ni mara ya kwanza, malipo yalikuwapo yakakwama, na leseni ipo. Barua ya kwa mahakama pekee ingeweza kubaki kwenye jalada bila mwendesha mashtaka kuiona.

Mwezi Machi mashtaka yaliondolewa. Makato mawili yaliyokwisha kuchukuliwa kwenye posho yalirudishwa.

Katika nyumba ya zamani, mpangaji mpya ameingia. Anwani ile bado haina leseni kwenye orodha, kwa kuwa leseni ya mama ilihesabiwa kwa anwani yake mpya, na bahasha za "mkaaji halali" zimeanza kuangukia kwake. Yeye hutazama filamu za kuagiza tu na hajawahi kufungua iPlayer. Hadaiwi chochote, lakini hakuna anayelijua hilo mpaka atoe tamko la kutohitaji leseni, nalo likiisha muda, baada ya takriban miaka miwili, itabidi alitoe tena.